Nguo ya Kupigiwa Picha

Mwezi wa Desemba ufikapo, wengi wa wenzetu wafanyao kazi mijini hurudi makwao, na katika siku hizo chache ambazo jamaa wote wako pamoja, hakosi mmoja wa kusema, "Njoni tupigwe picha." Hapo ghasia huanza. Kijana mmoja amevaa fulana yenye jina la timu ya mpira, dada yake amevaa gauni la kumetameta, baba yu katika viatu vya mpira kwa kuwa ametoka zizini sasa hivi, na mama anakimbilia ndani kutafuta kitambaa cha kichwa. Picha hupigwa vivyo hivyo, watu hucheka, na kila mtu hudhani ya kuwa mambo yamekwisha. Hayakwisha. Picha ile yaweza kukaa ukutani miaka arobaini, na watakaoitazama wakati huo hawatakuwa na mtu wa kumwuliza kwa nini babu yao alipigwa picha na matope miguuni.

Ndugu wasomaji, nimekaa na wafiwa mara nyingi, na nimeona jambo moja ambalo hunihuzunisha kila mara. Usiku ule wa kwanza, watu wakianza kuandika tangazo la gazetini na karatasi ya ibada ya mazishi, huulizwa, "Picha ya marehemu iko wapi?" Simu hupekuliwa, masanduku hufunguliwa, na mwishowe hupatikana ile picha ndogo ya kitambulisho tu, ambayo mama wa watu alipigwa akiwa amechoka kwa kusimama katika mstari tangu asubuhi. Huikuza picha hiyo mpaka uso ukawa kama umefunikwa na ukungu. Nao wote wajua ya kuwa alikuwa na gauni lake zuri la Jumapili, limepigwa pasi na kutundikwa kabatini, na hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyewahi kumpiga picha akiwa amelivaa. Kwa sababu hiyo nasema ya kuwa habari ya nguo za kupigiwa picha si upuuzi wa vijana, bali ni jambo la kufikiriwa kabla ya siku yenyewe.

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Kwenda studio kulikuwa safari. Mtu alioga, akavaa, akachukua mkewe na watoto, akalipa fedha iliyokuwa na thamani, na alijua ya kuwa atapata picha moja au mbili tu. Ndiyo sababu ukitazama kazi za studio ya Parekh ya Mombasa, au za Omar Said Bakor wa Lamu, utaona watu waliokaa kama wenye shauri kubwa mbele yao. Katika nchi ya Mali, mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, akaweka humo makoti ya Kizungu, saa za mkononi, kalamu, redio, hata pikipiki, ili mteja asiyekuwa navyo aazime. Huku kwetu nako studio nyingi zilikuwa na koti moja na tai moja vilivyotundikwa kwenye msumari, na ziko studio ndogo za pasipoti ambazo bado zinavyo hata leo. Kalamu iliyochomekwa katika mfuko wa kifuani ilikuwa na maana yake: mwenye picha hii ajua kusoma na kuandika. Siwacheki watu hao hata kidogo. Walichagua kwa makusudi jinsi ambavyo wangependa kujulikana.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui, nalo lahusu ngozi zetu na nguo nyeupe. Filamu za rangi zilipoanza kuenea, zilipimwa kwa ngozi ya watu weupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na fundi alirekebisha mashine yake mpaka sura ile ionekane sawasawa. Mtu mweusi akipigwa pamoja na mweupe, mara nyingi yeye alionekana macho na meno tu. Filamu hizo zilirekebishwa katika miaka ya 1970 na 1980, na yasemekana waliolalamika wakasikiwa walikuwa wenye viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutokea vizuri katika matangazo. Basi chokoleti ilipata haki yake kabla ya watu.

Kamera za siku hizi hazitumii filamu, lakini kipimo chake cha mwanga bado kina tabia ya zamani. Hukadiria kana kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, yaani chenye kurudisha kadiri ya asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Msimamishe mtu mweusi aliyevaa shati jeupe pepepe mbele ya ukuta mweupe, na kamera itaona weupe mwingi mno, itapunguza mwanga, na matokeo yake shati litakuwa la kijivu na uso utakuwa giza. Si kosa la uso. Mtu yule yule akivaa rangi ya maziwa, au buluu hafifu, au kaki, au rangi ya damu ya mzee, uso wake utajitokeza na hata makunyanzi ya kicheko chake yataonekana. Hapa ndipo ilipo faida ya koti: lafunika sehemu kubwa ya shati, likabakiza weupe kidogo tu shingoni, na weupe huo mdogo hupeleka nuru chini ya kidevu. Lakini koti jeusi mbele ya pazia jeusi ni hasara, kwa kuwa utaonekana kichwa kilichoelea bila mwili.

Je, ndugu zetu wa pwani wafanye nini, na kanzu ni nyeupe tangu shingoni hata miguuni? Nawaambia, vaeni kanzu. Haifai mtu kuacha vazi la heshima yake kwa ajili ya upungufu wa chombo. Mwambieni mpiga picha apime mwanga usoni, si kwenye nguo. Na kama mnatumia simu, gusa kwa kidole mahali pa uso katika kioo chake, nayo itajirekebisha kwa uso. Kisha simameni kivulini penye nuru nyingi, kama barazani, msisimame katika jua la saa sita.

Kuhusu rangi nyingine sina maneno mengi. Nyekundu kali huzidi nguvu kamera nyingi, hata mikunjo ya nguo ikapotea na kuwa kama kipande kimoja cha rangi. Kijani kibichi chenye kung'aa hutupa ukijani kidevuni. Kitambaa cha satini hurudisha mwanga mahali mtu asipotaka, hasa tumboni. Mistari myembamba iliyobanana, au vyumba vidogo vidogo vya shati la karani, hufanya mawimbi ya ajabu katika picha za kamera za sasa, mawimbi ambayo hayako katika kitambaa chenyewe. Maua makubwa ya kitenge hayana madhara hayo, ila mtu mmoja akiwa na maua na jirani yake akiwa na maua mengine, jicho la mtazamaji halitui mahali.

Picha ya kazi nayo ina sheria yake. Siku hizi mwalimu, karani, wakili na mjumbe wa chama cha ushirika wote hutakiwa picha, ya kuwekwa ofisini au katika kitabu cha taarifa ya mwaka. Nimeona wengi wakiazima suti kwa siku hiyo. Kuazima si aibu, lakini suti ya kuazima hujisema yenyewe: mabega yameanguka, au mkono wa koti umefika kwenye vidole. Afadhali koti lako la Jumapili, hata kama ni kuukuu, maadamu lakukaa. Muuguzi na avae sare yake, iliyo safi. Mkulima aliyechaguliwa katika halmashauri ya kiwanda cha chai hana haja ya kusimama na jembe ili watu waamini ya kuwa ni mkulima, wala hana haja ya kujifanya mwenye benki. Avae vile avaavyo aendapo mkutanoni, kwa kuwa wanachama watakaoiona picha ndio wale wale watakaokutana naye mlangoni. Toa funguo na simu mfukoni. Nguo mpya ivae siku moja kabla, ukae nayo na kuinuka nayo, maana ukosi unaokaba huonekana usoni.

Pasipoti na viza ni habari nyingine, kwa kuwa huko hapana uchaguzi mwingi. Kwa kawaida hutakiwa ukuta mweupe nyuma, kwa hiyo shati jeupe humfanya mtu aungane na ukuta. Chagua rangi iliyokolea. Wenye watoto wanaokwenda kusoma Marekani wajue ya kuwa tangu Novemba 2016 picha ya viza ya nchi hiyo haikubaliwi na miwani, isipokuwa kwa sababu maalum ya ugonjwa, na sare za kazi hazikubaliwi. Kilemba au ushungi wa dini waruhusiwa, maadamu uso wote unaonekana.

Narudi kwa jamaa chini ya mwembe. Imeingia desturi ya kuwavalisha watu wote sawasawa, mashati meupe na suruali za jinzi, au kitenge cha jora moja tangu bibi hata mtoto mchanga. Sikatai, katika arusi hupendeza. Lakini katika picha ya ukoo naona ni hasara, kwa sababu jora moja humfanya bibi afanane na mjukuu, na tabia ya kila mtu hufichwa. Nionavyo mimi, chagueni rangi mbili au tatu zinazopatana, kisha kila mtu avae nguo yake mwenyewe katika rangi hizo. Na jambo hili lianze kwa mzee kuliko wote. Mwulizeni bibi kwanza, "Wewe utavaa nini?" Akishasema, wengine wajipange kwa nguo yake. Mara nyingi twafanya kinyume: vijana huamua mjini, wakaja na nguo ya bibi katika mfuko, nguo ambayo hakuichagua na viatu visivyomtosha.

Akina mama wavaao leso na wasome jina lake kabla ya kusimama. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina hilo huenda lilinunuliwa siku ya ugomvi na jirani. Ugomvi utakwisha, picha itabaki, na wajukuu watakuwa wakisoma maneno makali chini ya uso mpole wa nyanya yao wasijue yalimhusu nani. Tena simu nyingine, mtu akijipiga mwenyewe, hugeuza picha kama kioo, na maandishi yakasomeka kinyumenyume.

Mengine ni madogo: pasi, vifungo, soksi zinazofanana kwa wale wanaokaa mbele. Watoto wavalishwe mwisho.

Kabla sijaweka kalamu chini, nimepata barua ya mama mmoja wa Nyeri. Mumewe alifariki mwaka jana, na mwezi ujao wanakusudia kupigwa picha ya jamaa. Mwanawe mkubwa, mwenye miaka 16, ataka kuvaa koti la baba yake, nalo ni kubwa kwake. Shangazi za kijana wasema ya kuwa ataonekana kama aliyevishwa gunia. Mama auliza afanye nini.

Mama, na alivae. Mpelekee fundi, lakini mwambie asikate kitambaa. Aikunje mikono kwa ndani na kuishona kwa uzi mrefu mwepesi, na mgongoni alibane kwa pini mahali ambapo kamera haifiki. Kijana akae kitini, asisimame, kwa kuwa koti kubwa hukaa vizuri zaidi kwa mtu aliyekaa. Ndani avae shati lake mwenyewe linalomkaa shingoni. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli majina ya wote, mahali, mwaka, na koti lilikuwa la nani. Uzi ule waweza kufunguliwa baada ya miaka miwili au mitatu, atakapokuwa amekua.