Umeshajua Kuchora Kikombe: Sasa Ufanye Nini?



Wengi mnaojifunza kuchora sasa mnaweza kuchora nyumba, ua na kikombe, na watoto wakavitambua. Hapo ndipo wengi hukwama. Mchoro unatambulika lakini haupendezi, mama anajisemea, "Mimi sina kipaji," kisha daftari linageuzwa kuwa la hesabu za maziwa. Usiliache. Linalohitajika sasa ni kulizoeza jicho, na jicho huzoezwa hatua kwa hatua.

Kwanza, chora unachokiona, si unachokijua. Weka kikombe mezani, ukae mbele yake. Unajua kwamba mdomo wake ni duara, lakini kutoka ulipoketi unaonekana umebanwa kama yai lililolala. Unajua pia kwamba kitako chake kimekaa sawa juu ya meza, ndiyo maana wanaoanza hukichora kwa mstari ulionyooka. Tazama tena: ukingo wa chini nao umepinda. Rekebisha mstari huo mmoja tu, na kikombe chako kitatulia mezani. Halafu jaribu sufuria na ndoo.

Pili, jifunze kupima kwa penseli. Nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, lenganisha ncha ya penseli na kilele cha birika, kisha weka kidole gumba pale birika linapoishia chini. Sasa ilaze penseli uone kimo hicho na upana vinapishana kiasi gani. Usikunje mkono unapopima, maana kipimo kitabadilika.

Tatu, mchore mtu. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kwa mtu mzima, kichwa ni kama sehemu moja kati ya saba au nane. Ndiyo sababu mtoto aliyechorwa na kichwa kidogo huonekana kama mzee aliyefupishwa. Macho nayo, wanaoanza huyaweka juu mno, karibu na nywele. Kwa mtu mzima macho yako karibu katikati, kati ya utosi na kidevu. Kwa mtoto mchanga yako chini kidogo ya hapo. Mchore mwanao akiwa amelala, maana akiamka hatakaa.

Nne, tia kivuli. Keti karibu na dirisha moja, kisha finya macho mpaka vitu vidogo vidogo vipotee. Utabaki na sehemu tatu: penye mwanga, pa wastani na penye giza. Penye mwanga acha karatasi yenyewe, pa wastani paka kidogo, penye giza kandamiza. Penseli ya HB inatosha kwa mistari. Ya 2B au 4B ni laini na hutoa weusi zaidi.

Pengine utauliza, muuguzi ana shughuli gani na michoro? Ni kwamba mama anayejua kuchora haichukui muda kabla hajaombwa kuchora bango la kikundi au la kliniki, na hapo mstari mmoja una uzito wake. Chukua maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha, pale pakiti za ORS zinapokosekana. Vipimo ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ukichora kijiko chenye kilima juu yake, mama asiyejua kusoma atafuata kilima hicho, na chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo chora kijiko kwa ubavu, juu yake mstari ulionyooka. Kichore ndani ya mkono wa mtu, ili ionekane wazi kuwa ni kijiko cha chai, si cha kupakulia.

Kabla ya kutundika bango, mwonyeshe jirani na umwulize, "Unaona nini hapa?" Usimdokezee. Akitaja jambo jingine, usimcheke wala usibishane naye, badilisha mchoro. Na chini ya bango ongeza picha ya mama akimkimbiza hospitali mtoto aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia au asiyeweza kunywa, kwa maana huyo si wa kutibiwa nyumbani.

Zoezi la mwezi huu: dakika 15 kila siku, labda wakati maharage yanachemka. Andika tarehe kwenye kila mchoro, wala usichane hata mmoja. Siku ya 30 chora tena kikombe kile kile cha siku ya kwanza, uiweke michoro hiyo miwili pamoja. Tofauti utaiona mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Tukijaliwa, tuonane mwezi ujao.