TRENI YA MTUMBA SI ZAWADI MPAKA UIFUNGUE (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu, leo tutagombana kidogo. Nisome mpaka mwisho ndipo unijibu.

Juzi nilimwagizia mwanangu wa miaka 4 kichwa cha treni cha kuchezea, mtumba, mtandaoni. Nililipa kwa simu, kikaja na basi hadi Masasi mjini, kisha bodaboda mpaka hapa Lupaso. Babu yake kamjaza hadithi za reli ya Mwingereza ya mradi wa karanga, iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea na tawi lake likaja Masasi, kabla haijafungwa miaka ya 1960. Basi nyumba nzima tunasubiri treni.

Imefika, haitembei. Kifuniko cha betri kimebanwa kwa selotepu. Mtoto analia, na kila mtu ananiambia, "Mpe hivyo hivyo, ataisukuma kwa mkono."

Sikumpa. Na nasema wazi: ukimpa mtoto toi la mtumba bila kulifungua, hapo hujampa zawadi. Umenunua ukimya wa dakika 10.

Nilichukua bisibisi nikaifungua. Betri mbili za kawaida zimevuja, zimeota unga. Chini ya honi kulikuwa na vibetri 3 bapa, vinang'aa kama pipi, vimelegea. Hapo mwili ulinisisimka.

Sikia mama. Kibetri bapa kikikwama kwenye umio, mate yanapitisha umeme, na pale kilipogusa panaungua. Ndani ya masaa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Usiseme "kimeisha chaji", hata kilichoisha kinaunguza. Na mtoto hana namna ya kukwambia. Utaona udenda mwingi, anakataa kula, anakohoa, anatapika, wewe unadhani ni mafua.

Ukihisi kameza, kimbia hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Akiwa amevuka mwaka 1, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Wa chini ya mwaka 1 usimpe asali kabisa. Na usikawie nyumbani ukitafuta asali!

Najua mtasema, "Sisi mbona tulicheza na kila kitu tukakua?" Tulicheza na magari ya makopo na mabua, jamani. Yalikuwa na betri wapi?

Mwingine atasema, "Mimi si fundi." Hata mimi ni nesi tu, ila kufungua skrubu 4 hakuhitaji cheti. Nilivaa glavu, nikafuta unga wa betri kwa pamba yenye siki kidogo, nikakausha. Kwenye ekseli nikakuta nywele zimejizungusha, nikazitoa kwa kibanio. Tone 1 la mafuta ya cherehani, betri mpya, ikanguruma! Kifuniko kilikuwa kimepoteza skrubu. Fundi redio akaniwekea nyingine. Vibetri vya honi nilivitoa, nikavizungushia selotepu kila kimoja, nikavifungia juu mbali na mtoto. Treni yetu haina honi. Honi anapiga mwenyewe kwa mdomo.

Mtumba sina ugomvi nao, hela za korosho zina kazi nyingi na watoto wanataka kucheza. Ugomvi wangu ni na sisi wakubwa. Mtoto akimeza tunasema "huyu mtundu sana." Mtundu? Kuweka kitu mdomoni ndiyo kazi yake. Kufunga kifuniko ni kazi yetu.

Leo kabla hujalala, kusanya matoi yote, rimoti na kadi za muziki. Kifuniko kisicho na skrubu, kitu hicho kisilale chumba kimoja na mtoto.

Sasa hivi treni inatoka Mtwara mlangoni, inafika Masasi chini ya kitanda. Babu ndiye abiria pekee, nauli kalipa karanga.

Kesho sehemu ya 4: mafuta ya taa kwenye chupa za soda. Mtumie na shoga yako hii.