TAHARIRI: KIJANA MZIMA NAYE HUBEBA KORONA



Yako maneno yanasemwa pale kilabuni, eti Korona ni ya wazee, kijana asiyekohoa hana kitu. Si kweli hata kidogo.

Machi 2020, huko Korea Kusini katika mji wa Cheonan, wagonjwa 303 walitengwa mahali pamoja wakawa wanapimwa mara kwa mara. Wengi vijana, nusu yao hawakuzidi miaka 25. Watu 110 waliingia bila dalili yoyote, si homa wala kikohozi. Baadaye 21 wakaanza kuumwa. Hao 89 waliobaki hawakuumwa kabisa. Lakini wakipimwa, virusi vyao ni vingi sawasawa na vya wanaokohoa! Na ilichukua kama siku 17 kwa nusu yao kuonekana hawana tena. Wenye dalili, siku 19 na nusu. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo tu.

Kweli, kipimo huona hata mabaki ya virusi vilivyokufa, kwa hiyo mtu haambukizi siku zote hizo. Lakini siku ipi anaambukiza na ipi haambukizi, nani ataijua kwa macho?

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura imekwisha. Iliyokwisha ni dharura, ugonjwa upo. Basi ninyi vijana mtokao mjini, mkisikia Korona imeamka huko, msiingie moja kwa moja chumbani kwa bibi mwenye pumu. Nawa mikono, mpe sukari yake, kaeni barazani penye upepo. Bibi haangalii misuli yako, anavuta pumzi uliyoitoa wewe.

Katibu