Mke akifiwa siku 4, mume akiugua patupu

Wadau, samahani kwa ukimya wa mwezi mzima. Nilikuwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nimewekewa betri ya moyo. Ndiyo, kijana wa miaka 28! Sasa nimerudi nyumbani Isevya, hapa Tabora, naandika kwa mkono mmoja na nina hasira.

Kifaa chenyewe ni kidogo tu, kimekaa chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, nyaya zake zinapita kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo. Zinahitaji muda zishike. Kwa hiyo usinyanyue mkono juu ya bega, usibebe kitu kizito, kwa wiki 4 hadi 6. Masharti mepesi kabisa kama huna mtoto. Wangu ana miaka miwili na kilo 12, na kila asubuhi anasimama mbele yangu kanyoosha mikono anataka kubebwa. Haya, mwelezeni nyie habari za nyaya.

Mama yake yuko kazini. Aliomba ruhusa, bosi (simtaji) akamfungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34. Kuna siku 4 zenye malipo kama mtoto ameugua au amefariki. Na mwenzi? Mwenzi akifariki. Akiugua, hakuna neno. Yaani ningefia pale mezani, mke wangu angepata siku zake 4. Nimepona, kanyimwa!

Mimi mwenyewe sheria hiyohiyo imenijali: siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili. Ila inadhani mgonjwa anaishi peke yake.

Mtaniambia kuna ruhusa bila malipo. Na nauli ya kurudi kliniki Dar nitaitoa wapi? Mwingine atasema sisi Waafrika tuna ndugu. Huyo ukimsikiliza vizuri, anamaanisha kuna mwanamke mahali fulani atakayefanya kazi hiyo bure. Mama yangu yuko Nzega na magoti yake mabovu, mwacheni.

Mtu wa kwanza kuwekewa betri hii ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Aliyewaganda madaktari mpaka wakakubali ni mkewe, Else-Marie. Larsson aliishi mpaka 2001. Sijui huyo mama angefanyaje kwa kifungu cha 34.

Na sisi wa Tabora tunavyopenda kujisifu! Mgeni akija tunamkimbiza Kwihara akaone tembe la Livingstone, tunamhadithia wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba kilo 30 mpaka Bagamoyo. Hatumwambii kwamba wengi walisafiri na wake na watoto wao, na kwamba walikuwa watu wa ujira waliojua kutua mzigo chini na kugoma. Msafara wa miguu wa karne ya 19 ulijua mbebaji ana familia. Ofisi yenye kompyuta na kiyoyozi haijui.

Waheshimiwa wabunge, siombi sheria mpya. Pale palipoandikwa kifo cha mwenzi, ongezeni ugonjwa. Ni neno moja.

Naishia hapa, kaamka. Siku hizi nakaa chini kwenye mkeka, anapanda mwenyewe kwa upande wa kulia.