Daftari la Askari ni Ngao ya Watoto Wake

Askari anapoapa kuilinda nchi, nayo nchi hujifunga kwake kwa ahadi: kwamba likimpata jambo, watu wake hawatatupwa. Ahadi hiyo haitimizwi kwa hotuba za makaburini wala kwa mizinga ya heshima peke yake. Hutimizwa kwa karatasi moja iliyomo katika jalada lake kikosini, yenye jina la mtu wa kupelekewa habari, majina ya mke na watoto, na mahali wanapokaa. Karatasi hiyo ikiwa ya uongo au imechakaa, ahadi ya Taifa hukosa mlango wa kubisha.

Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana katika mji wetu huu, na katika miaka iliyofuata maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam jina la Kariakoo latokana na kikosi chao. Lakini majina yao wenyewe yako wapi? Ijara ya wengi waliokufa haikufika kwao, na hoja iliyotolewa ni kwamba jamaa zao hawakuweza kupatikana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliolitumikia jeshi la Waingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ikapita miaka zaidi ya mia moja ndipo likaja neno la kuomba radhi. Na radhi hailishi yatima.

Wakoloni hawakuandika kwa sababu hawakuwathamini watu wale. Sisi hatuna udhuru huo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964, ni jeshi letu, na vijana waliomo ni wetu. Walipigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur katika kulinda amani, na Desemba 7, 2017 wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, kwa siku moja. Kila aliyeanguka alikuwa na mlango wa kwao, na ilimpasa mtu aende akaubishe.

Na tuchukue mfano wa nyumba yoyote hapa Nguvumali. Kijana ameingia jeshini hana mke, akaandika jina la baba yake. Miaka kumi na miwili imepita. Baba amefariki, kijana ameoa, ana watoto watatu, na mmoja kati yao amezaliwa nje ya ndoa, Mbeya, alikowahi kupangwa. Mke amehama Nguvumali akapanga Makorora. Namba ya simu iliyoandikwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Jalada bado lasema: baba, Nguvumali. Likitokea la kutokea, mke atapata habari kutoka kwa watu wa simuni kabla ya afisa kumfikia. Na watoto watabaki wakizunguka kati ya ofisi, ukoo na mahakama kuthibitisha kwamba baba yao alikuwa baba yao.

Yako pia mambo ya majina. Pwani yetu mtu huwa na jina la kwao, jina la dini na jina la utani. Jeshini yuko chini ya jina moja, katika cheti cha ndoa jina jingine, na katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto la tatu. Wazee wa Keya waliorudi kutoka Burma walisumbuliwa na mambo haya. Haistahili wajukuu wao wasumbuliwe nayo.

Tunajua yanayosemwa kupinga. Wako wanaosema kuandika warithi ni uchuro, ni kukiita kifo. Hayo si kweli. Baharia hutia maji ya akiba chomboni, na hatujasikia kwamba maji hayo ndiyo yaletayo dhoruba. Wengine huona haya, maana karatasi itamfunua mke wa pili au mtoto asiyejulikana nyumbani. Kwao twasema hivi: siri hiyo haitazikwa nawe. Itafunuka siku ya msiba, mbele ya jamaa wote, na atakayeaibika ni mtoto asiye na kosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi. Linalotakiwa ni ukweli.

Wala watu wasichanganye mambo mawili. Mtu wa kupelekewa habari si lazima awe mrithi. Kaka aweza kuwa hodari wa kupokea simu usiku wa manane, lakini hiyo haimpi haki ya mali ya watoto. Kila jina liandikwe mahali pake, na kila mtu aambiwe ameandikwa kwa kazi gani.

Basi yatupasa nini? Siku ya Mashujaa huadhimishwa Julai 25. Twapendekeza kwamba kila mwaka, kabla ya siku hiyo, kila askari alisome jalada lake na kutia sahihi kwamba limo sawa. Na asipelekwe mtu nje ya nchi kabla ya kufanya hivyo, kwani Umoja wa Mataifa hulipa fidia ya kifo kwa kupitia Serikali ya nchi ya askari, na Serikali haiwezi kumlipa isiyemjua. Makarani wa vikosi nao wajue kwamba askari anayekuja kubadili jina la mke hakuja kuwasumbua. Wasimwambie arudi kesho. Huenda kesho akawa safarini.

Jamaa nao wana sehemu yao. Mke aweke pamoja cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Asiyekuwa navyo avitafute sasa, mume yungali hai na aweza kutoa ushahidi. Mabalozi wa mashina na viongozi wa mitaa wawasaidie wanaohama, ili anwani ya jana isiwe kaburi la haki ya leo. Lakini wasiyatangaze barazani mambo ya familia za askari. Wapi mtu anakaa na nani mkewe ni amana.

Wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa mashamba ya mkonge wasidhani haya yawahusu wenye bunduki tu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, huwalipa wategemezi wa mtu aliyefia kazini. Nao pia hutaka ushahidi wa nani ni mtegemezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali yahitaji daftari, mtoto je?