Akasha wameanguka, je waliopokea hongo?

Kuna majina hapa Mombasa ambayo watu walikuwa wakiyataja huku wakiangalia nyuma. Akasha ni mojawapo. Mzee Ibrahim Akasha Abdalla aliuawa kwa risasi mjini Amsterdam mwezi wa Mei 2000. Miaka miwili baadaye mwanawe Kamaldin naye akapigwa risasi, hapa hapa Mombasa. Wengi tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe biashara ilibaki mikononi mwa wanawe wengine, Baktash na mdogo wake Ibrahim.

Mtego uliowanasa ulitegwa na Wamarekani wa DEA. Walituma watu waliojifanya wanunuzi wa unga kutoka Colombia, na kufikia Novemba 2014 ndugu hao na wenzao walikuwa wamekabidhi kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Mwezi huo huo wakakamatwa Mombasa.

Sehemu inayouma ni iliyofuata. Kesi ya kuwapeleka Marekani iliburutwa zaidi ya miaka miwili. Wakapewa dhamana, wakarudi majumbani, na sisi tukazoea kusikia kesi imeahirishwa tena. Ilipofika mwisho wa Januari 2017 wakatiwa ndegeni, na Oktoba 2018 wakakiri makosa yao New York. Na katika waliyokiri ni kuhonga maafisa wa Kenya ili wasipelekwe huko. Upande wa mashtaka wa Marekani ulitaja mpaka aina ya watu waliolishwa: majaji, viongozi wa mashtaka, polisi. Baktash alifungwa miaka 25 mwezi Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23, Januari 2020.

Sasa mtu hawezi kuhonga hewa. Kama mtoaji amekiri na anatumikia kifungo, mpokeaji ana jina, ana cheo, na huenda ana pensheni. Wabunge wetu wa Pwani ambao hawakosi kipaza sauti kwenye mazishi wangetusaidia sana kuliuliza jambo hili kwa nguvu hiyo hiyo.

Wala tusijidanganye kwamba unga ulikuwa wa nyumba moja. Aprili 2014, kabla hata ya kina Akasha kukamatwa, manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi baharini mbele ya pwani yetu. Agosti mwaka huo serikali ikailipua meli iliyokutwa na heroini, Rais akishuhudia. Moshi tuliuona kwenye runinga. Mzigo unatoka Afghanistan, unapakiwa pwani ya Makran, unashuka na majahazi mpaka huku. Njia hiyo haikufungwa New York. Bahari ni ile ile, na bei ya Ulaya bado inamshawishi mwenye jahazi.

Kinachobaki kwetu ni vijana. Tangu 2015 Malindi kuna kliniki ya methadoni, na Mombasa pia zipo. Nenda asubuhi utawaona kwenye foleni, wengine na mvi, wakingoja kikombe chao ili arosto isiwashike. Kuna akina mama wanaowasindikiza wana wao wa miaka 40 kila siku, hata Jumapili, kwa nauli yao wenyewe.