Niliokutana Nao Kazini: Maji Yalitukimbia

Jumapili iliyopita nilisimulia habari za mzee mmoja wa Delta ya Rufiji aliyenishinda kwa hoja wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanakijiji, kijitabu mkononi, nikihimiza kila nyumba ichimbe choo cha shimo. Mzee alingoja nimalize, kisha akasema kwa adabu, "Nesi, ukichimba shimo hapa, siku ya bamvua choo kitakufuata chenyewe mpaka mlangoni." Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Habari ya leo si ya kuchekesha. Nimekaa nayo moyoni kwa muda unaokaribia miaka hamsini, na ninaiandika kwa sababu nina deni ambalo siwezi tena kumlipa mwenyewe.

Asiyeifahamu Delta huenda akadhani ni mto wenye kingo mbili. La, sivyo. Mto Rufiji, kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo imejaa mikoko, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote katika delta moja ya Afrika Mashariki. Njia ya watu ni maji, na maji yenyewe hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja. Wageni wakisikia jina la Rufiji hupenda kuuliza habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha humo mwaka 1914. Manowari kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata kwa kuwa maji yalikuwa haba. Ilibidi ziletwe meli mbili zinazoelea katika kina kidogo, Severn na Mersey, ndipo Königsberg ikaangamizwa Julai 1915. Kwa hiyo somo nililojifunza mimi kwa uchungu lilikwisha kuwapata wakubwa wa bahari kabla sijazaliwa.

Nilipelekwa Delta mwaka 1972, nikiwa muuguzi kijana katika zahanati ya chumba kimoja na ukumbi. Katika kijiji kile alikuwako mkunga wa jadi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akielekea uzeeni. Nitamwita Bibi tu, kama tulivyokuwa tukimwita sote. Mwanzoni hatukupatana. Mimi nilikuwa na cheti, sare nyeupe na saa ya mkononi. Yeye alikuwa na mikono iliyompokea karibu kila kijana wa kijiji kile. Nilimwona kuwa ni mtu wa kuonywa, naye, nadhani, aliniona kuwa ni mtoto wa kuvumiliwa.

Ilikuwa mwaka 1976, usiku wa mwezi mpevu. Binti mmoja, mimba yake ya kwanza, alikuwa na uchungu tangu usiku uliotangulia. Kufikia jioni nguvu zilikuwa zimemwishia na mtoto hajashuka. Niliamua apelekwe hospitali. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na hata leo ningeamua vivyo hivyo. Kosa langu halikuwa katika safari, bali katika saa ya kuondoka.

Njia ilikuwa mtumbwi hadi Nyamisati, na kutoka hapo gari, likipatikana, mpaka barabara kuu ya Bungu na Kibiti. Nikaagiza tuondoke mara moja. Bibi alikwenda ukingoni, akatazama vijiti vilivyochomekwa majini, akarudi.

"Mwanangu, maji yamekuwa yakitoka tangu saa kumi, na leo ni bamvua, yatatoka yote," alisema. "Tungoje yageuke, yajae kidogo. Hayo yatatubeba. Tukiondoka sasa tutalala funguni."

Niliitazama saa yangu. Ilikuwa inakaribia saa mbili za usiku.

"Bibi, uchungu haungoji maji."

"Na maji hayangoji uchungu," alinijibu.

Lakini mwenye amri nilikuwa mimi. Wapiga kafi wawili walimtazama Bibi, wakanitazama mimi, wakayaokota makafi yao. Bibi alijifunga kibwebwe, akaingia mtumbwini bila ya kusema neno jingine. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje lau angesusa akabaki nyumbani, na haki ya kususa alikuwa nayo.

Haikupita saa nzima tukakwama. Maji yalituacha katikati ya mkono ule kama mtu anayevuta shuka kitandani. Huku na huku tulizungukwa na tope lililong'aa kwa mbalamwezi, mizizi ya mikoko, na mbu wasiohesabika. Wale wanaume walishuka kusukuma, wakazama hadi mapajani, na mtumbwi haukusogea hata shubiri moja. Zahanati ilikuwa nyuma yetu, hospitali mbele yetu, na hatukuweza kuifikia hata moja.

Mtoto alizaliwa pale, kama saa tano za usiku, kwa mwanga wa mwezi na kandili moja. Wanaume walisimama matopeni wametupa mgongo, wameushika mtumbwi usiyumbe. Mtoto alitoka kimya. Bibi alimfyonza makamasi kwa kinywa chake, akamsugua mgongo, akamsugua tena, mpaka akalia. Kisha mama akaanza kutokwa na damu. Nilimdunga sindano ya kukaza kizazi, nikaanza kulikanda tumbo kama nilivyofundishwa chuoni. Bibi, ambaye hakufundishwa na chuo chochote, alikwisha kumweka mtoto kwenye titi, akaleta mkono wake karibu na wangu, akakanda pamoja nami. Hatukusemezana. Baada ya muda ambao sikuupima kwa saa, kizazi kilikaza na damu ikapungua.

Tuliyasikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuja yakinong'ona katika mizizi ya mikoko, yakauinua mtumbwi polepole, yakatupeleka kama Bibi alivyosema tangu mwanzo.

Asubuhi tulifika hospitali moja ya bara ambayo sitaitaja jina. Mama alilazwa, naye alipona. Mganga aliyetupokea aliuliza kwa ukali ni nani aliyeamua tuondoke saa ile. Nilifungua kinywa, na sauti haikutoka. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria barua ya onyo. Bibi ndiye aliyejibu.

"Maji yalitukimbia, bwana mganga."

Basi mganga akamgeukia. Mbele ya wauguzi na wagonjwa alimweleza kwa kirefu jinsi wakunga wa jadi wanavyochelewesha wazazi kwa imani zao na kuhatarisha maisha ya watu. Bibi aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Nami, ndugu msomaji, nilisimama kando nimeshika mkoba wangu wa dawa, nikanyamaza.

Tangu siku ile sikufunga safari hata moja katika Delta bila kwenda kwanza kwa Bibi kumwuliza habari ya maji. Wakati mmoja nilimpelekea doti ya kanga. Aliipokea, akaitazama, akaniambia, "Ahsante, mwanangu, yamekwisha." Sote wawili tulijua kilichokwisha ni nini, lakini mimi sikukitamka. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakakiri kwamba katika afya ya msingi hata waganga wa jadi wana nafasi yao pale wanapohitajika. Niliposikia habari hizo nilimkumbuka Bibi na kichwa chake kilichoinama. Baadaye nilihamishiwa mkoa mwingine, na huko ndiko iliponifikia habari ya kifo chake.

Mwaka 2004 nilikuwa Nyamisati, nikingoja mashua ya kwenda Mafia harusini. Abiria walikuwa wakinung'unika, kwa kuwa nahodha, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alikataa kuondoka mpaka maji yageuke. Mfanyabiashara mmoja alimwambia kwamba anawapotezea watu muda. Kijana alitabasamu, akasema, "Mzee wangu, mimi nilizaliwa juu ya tope kwa sababu maji yaliwakimbia wazee. Bibi aliyenipokea alinisimulia. Siwezi kuyadharau."

Moyo wangu ulisimama. Hata kwa mtoto mwenyewe, Bibi alikuwa ameisimulia habari ile bila kunitaja!

Nilimwita kando. Aliniamkia, "Shikamoo, mama," nami sikuitika marahaba mpaka nilipokwisha kumweleza yote: nani aliyeonya, nani aliyeagiza, nani aliyenyamaza hospitalini. Kijana alinisikiliza huku akitazama mto. Nilitazamia hasira, na ningeistahili. Aliniuliza jambo moja tu.

"Na mama yangu, ulimwambia?"

"Bado," nilijibu.

"Yuko nyumbani, yu mzima. Ukirudi kutoka Mafia, nitakupeleka." Kisha akanyosha kidole kwenye maji. "Sasa unaonaje, mama, tuondoke?"

"Tungoje," nilisema. Hapo ndipo nilipoiitika ile shikamoo yake.

Nilikwenda kwa mama yake, na tuliyozungumza huko yatabaki kuwa yetu. Ninachotaka kuwaachia wasomaji ni mambo mawili. La kwanza ni la mama wajawazito wa Delta na jamaa zao: hospitali ndiko mahali pa kujifungulia, na dawa ya maji ni kuondoka mapema, siku zikikaribia, mkakae kwa ndugu karibu na kituo, uchungu usije ukawakuta upande mbaya wa fungu. La pili ni la vijana wetu wanaopangiwa kazi mahali wasipopajua. Chukueni vyeti vyenu, mmevitolea jasho. Lakini mkifika, mwulizeni mwenyeji habari za maji kabla ya kutazama saa. Na ikitokea mtu akabeba lawama yenu, msingoje kama nilivyongoja mimi. Semeni kweli angali hai, aisikie kwa masikio yake.